Tarehe ya Malkia Fatuma wa Unguja na Kiti cha Mwanamke, Kama Inavyobishaniwa Magomeni

Tarehe hii imeandikwa ili kukata shauri lililozozaniwa kwa muda mrefu katika baraza za Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Mwembechai, nalo ni kama mwanamke anaweza kurithi kiti cha enzi au kama kiti hicho, tangu asili yake, ni cha wanaume peke yao. Wako wanaodai, tena kwa sauti ya watu waliokwisha kupekua kila kitabu, kwamba watu wa pwani na wa bara yake hawakupata kumtawaza mwanamke hata siku moja, na kwamba jambo hilo lililetwa na Wazungu pamoja na siasa za vyama. Dai hilo si kweli, kwa maana wanawake walipigiwa ngoma ya enzi katika pwani hii zaidi ya miaka 200 kabla Seyyid Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na majina yao yanajulikana.

Kiti, kama wazee wanavyokitaja kwa mkato, ni mamlaka yenye alama zake, yaani ngoma kuu isiyopigwa ila kwa idhini ya mwenye nchi, siwa, ambayo ni baragumu kubwa la pembe ya ndovu au la shaba lipulizwalo katika shughuli za wakubwa, na jina la cheo. Miji ya Mrima, ukanda wa pwani unaotazamana na Unguja, ilikuwa na majumbe, Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, Uzaramo ulikuwa na Pazi, Unyamwezi ulikuwa na watemi na Buha ilikuwa na wami. Magomeni yenyewe, iliyo ng'ambo ya bonde la Msimbazi kwa mtu atokaye Kariakoo, imekaa juu ya ardhi ya Wazaramo na Washomvi. Wazee husimulia kwamba Washomvi, waliotoka Barawa, walipozidiwa na Wakamba walimwita Pazi Kilama, mwindaji hodari, naye akawafukuza Wakamba, akalipwa chumvi na nguo, na tangu siku hiyo ukoo wake ukawa na haki ya kupokea ada kutoka pwani. Habari hiyo inajulikana kwa kila mzee wa Uzaramo na haina haja ya kurefushwa hapa.

Mwenye kustahili kurefushiwa ni Malkia Fatuma wa Unguja, ambaye watu wa Mrima wana haki ya kumdai kuwa wao kwa ndoa, kwa sababu mumewe, Abdullah, alikuwa mfalme wa Utondwe, mji wa kale wa pwani ya bara katika upande wa Saadani. Simulizi za Unguja husema kwamba baba yake, Mfalme Yusuf, aliigawa nchi kati ya watoto wake wawili, mwanawe wa kiume Bakari akapewa upande wa kusini wenye makao makuu Kizimkazi, na Fatuma akapewa upande wa kaskazini pamoja na mji wa Unguja wenyewe, yaani bandari, soko na ngome. Hapa pana jambo ambalo wabishi huliruka kila mara wanapolifikia. Fatuma hakushika nchi kwa sababu hapakuwa na mwanamume, kwa kuwa mwanamume alikuwapo, ndugu yake wa baba mmoja, mwenye afya na mwenye watu wake; alishika nchi kwa sababu baba yake alimpa, na sehemu aliyopewa ndiyo iliyokuwa na mali.

Wala Fatuma hakuwa wa kwanza katika kiti hicho, kwa kuwa kabla yake alikwisha kutawala Mwana Mwema, ambaye mwaka 1652, Waomani walipowashambulia Wareno waliokuwa Unguja, alikuwa upande wa Waomani, na mwaka uliofuata Mreno Francisco de Seixas Cabreira akaja na merikebu za vita, akamfukuza yeye pamoja na mwanawe, ambaye naye alikuwa mfalme wa Utondwe. Utondwe, basi, imetajwa mara mbili katika habari za malkia wa Unguja, mara ya kwanza kwa mwana na mara ya pili kwa mume, na mtu wa Mrima anayesema kwamba utawala wa wanawake ni mambo ya kigeni anaikana historia ya nyumba yake mwenyewe.

Zama za Fatuma zilikuwa za vita. Mwezi Machi 1696 jeshi la Oman lilizingira Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mzingiro huo ukaendelea hadi Desemba 1698, muda wa karibu miaka 3, huku njaa na maradhi vikiwamaliza waliokuwa ndani. Fatuma alikuwa na mapatano na Wareno, naye aliyatimiza kwa kuwapelekea majahazi ya chakula, ingawa aliweza kuona kwa macho yake kwamba nguvu zao zilikuwa zinakwisha. Ngome ilipoanguka, Waomani walimkamata na kumpeleka uhamishoni Maskati, akakaa huko muda wa miaka 10 hivi, kisha akaruhusiwa kurudi Unguja, na baada yake kiti kikashikwa na mwanawe Hassan. Wanaomlaumu husema kwamba mwanamke aliiuza nchi kwa Wareno, na wakishasema hivyo huona shauri limekwisha. Lakini Mwana Mwema, katika kiti hicho hicho, aliwapinga Wareno hata akafukuzwa kwa sababu yao, na hakuna aliyetoa hoja kwamba kwa ajili hiyo wanawake wote wafaa kutawala. Yusuf bin Hassan wa Mombasa, mwanamume aliyelelewa na kubatizwa na Wareno, aliwaua Wareno wa Ngome mwaka 1631, na mwaka uliofuata akaiacha Ngome ikiwa tupu, akaingia baharini, na Wareno wakarudi kama waliokuwa wametoka matembezini; wala hakuna baraza iliyowahi kuhukumu kwamba kwa kosa la Yusuf wanaume wasirithi tena. Kosa la mfalme huandikwa kwa jina lake, na kosa la malkia huandikwa kwa jinsia yake, na hiyo si hukumu ya haki.

Wengine watatajwa kwa ufupi. Mwana Mkisi ndiye anayetajwa na wazee wa Mombasa kuwa mwenye mji kabla ya Shehe Mvita. Mwana Khadija alitawala Pate katika miaka ya 1760 na kuendelea, na mji ukawa na wafalme wawili wanaopigana ndani ya ukuta mmoja. Jumbe Fatima alitawala Mwali, katika visiwa vya Komoro, tangu utoto wake katika miaka ya 1840 hadi alipofariki mwaka 1878, ingawa katikati alijiuzulu kwa miaka kadhaa. Huko Unyanyembe, baada ya Mtemi Isike kujilipua ndani ya boma lake mwezi Januari 1893 asikamatwe na Wajerumani, aliyewekwa katika kiti alikuwa mwanamke, Nyaso.

Imetajwa Pate, na haifai kuiacha kabla ya kusimulia habari ya siwa, ambayo ni ajabu iliyo katika Habari za Pate, tarehe ya mji huo, na ambayo watu wa pwani wameipokea kizazi hata kizazi. Siwa ya kifalme ya Pate ilikuwa haipulizwi ila kwa idhini ya mwenye kiti, naye aliyenyimwa siwa katika shughuli yake alikuwa ametangaziwa mbele ya mji mzima kwamba hana fungu katika enzi. Mwana Darini, mwanamke wa nyumba ya kifalme ambaye jamaa zake walikuwa wameuawa na aliyekuwa kitini, alitaka kumtahirisha mwanawe kwa heshima zote, akanyimwa siwa hiyo. Hakulia wala hakuomba mara ya pili, bali alimwita fundi mmoja, Mwenyi Baenyi, aliyesifiwa kwa kuchonga, akamtaka amchongee siwa nyingine kwa siri. Zikaletwa pembe za ndovu, fundi akachagua iliyomfaa, akajifungia nayo nyumbani hadi alipoikamilisha. Siku ya shughuli ilipofika siwa mpya ikatolewa ghafla, ikapulizwa mitaani, na watu wakashangaa na kuituza kwa mali. Watu wa ukoo mwingine walipokuja kuiazima, Mwana Darini aliwajibu kwamba kila taifa na litafute siwa yake. Siwa ya pembe ya Pate ipo hadi leo katika makumbusho ya Lamu, imechongwa nakshi tangu mdomo hadi upande wa mlio, na mwenye kuitazama anatazama kiti ambacho mwanamke alijitengenezea baada ya kunyimwa cha wazazi wake.

Kurudi Uzaramo, wabishi wa Magomeni husema kwamba hata kama visiwa vilikuwa na malkia, Wazaramo hawakuwa nao, kwani Pazi alikuwa mwanamume siku zote. Wanaosema hivyo wanajua vizuri, lakini hawapendi kukumbushwa, kwamba Wazaramo wa asili huhesabu ukoo kwa mama, kama wanavyofanya Waluguru walio ndugu zao, na kwamba kwa hesabu hiyo mwenye kurithi kitu cha ukoo kutoka kwa mwanamume si mtoto wake wa kumzaa bali ni mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake. Kiti cha Kingalu huko Kinole, Uluguru, hufuata njia hiyo ya mama. Kwa hiyo mwanamume wa nchi hizi hukipata kiti kwa sababu ya mwanamke aliyemzaa, naye hawezi kumpitishia mwanawe, wakati dada yake, ambaye hakalishwi juu yake, ndiye anayekipitisha. Ni vigumu kuelewa jinsi mtu anavyoweza kuwa mlango wa kiti na wakati huo huo akaambiwa kwamba hafai kukiingia.

Tena vipo vitu vya enzi ambavyo Wazaramo waliviweka mikononi mwa wanawake kwa makusudi. Mwana hiti, ambaye ni kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili cha mviringo kama gogo, kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa kilichochongwa nywele za vishungi viwili na kifua kinachoonyesha kwamba ni mwanamke, alipewa mwali, yaani msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani, amtunze na kumpaka mafuta muda wote wa kufundwa, na baada ya hapo akahifadhiwa ndani ya ukoo kwa ajili ya wali wa baadaye. Kungwi, mwanamke anayemfunda mwali, hutii nani? Hata sasa, katika nyumba za Magomeni ambamo ngoma ya mwali inapigwa kwa vipaza sauti na jirani hapati usingizi, baba mwenye nyumba akitaka jambo katika shughuli hiyo hana budi kumtuma mtu kwa kungwi, akasubiri jibu nje.

Ugomvi mkubwa zaidi unatokana na sheria ya mirathi. Katika sheria ya Kiislamu binti hurithi mali ya baba yake, ingawa fungu lake ni nusu ya fungu la kaka yake, na hakuna mwenye uwezo wa kumnyima; lakini wengi hushikilia kwamba enzi si mali ya kugawanywa bali ni amana, na hutaja hadithi ya Mtume inayowalaumu watu waliomkabidhi mwanamke mambo yao. Wenye rai nyingine huwajibu kwa Sura ya An-Naml, ambamo malkia wa Sabaa, anayejulikana kwa jina la Bilqis, anaonyeshwa akiwataka shauri wakuu wake na kuliona jambo kwa upana kuliko wao, na pia kwa historia, kwa kuwa Malkia Arwa alitawala Yemen hadi alipofariki mwaka 1138 na Shajar al-Durr alishika Misri mwaka 1250, nao wote walikuwa katika nchi zenye wanazuoni. Tarehe hii haikusudii kuwafundisha masheikh dini yao. Inatosha kusema kwamba Unguja ya Fatuma, Pate ya Mwana Khadija na Mwali ya Jumbe Fatima zilikuwa nchi za Kiislamu zenye misikiti na makadhi.

Waliofunga mlango kabisa ni masultani wa Busaidi, watawala wa Oman na Unguja. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha, kwa hesabu ya binti yake Salme, watoto 36, nusu wanaume na nusu wanawake, na ugomvi wa kiti ukawa kati ya Thuwaini wa Maskati na Majid wa Unguja, kisha kati ya Majid na Barghash, bila hata mmoja kuuliza kuhusu mabinti 18. Hata hivyo mabinti hao hawakukaa kando. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua Majid, aliyeandika barua za siri za njama hiyo alikuwa Salme, msichana wa miaka 15 hivi, na nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, Salme na dada yake Khole walikwenda huko na kundi la wanawake, wakaingia ndani, wakamvisha Barghash shela hata akabaki macho tu, wakamweka katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisimfichue, wakatoka naye mbele ya askari. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, lakini mwaka 1870 akawa Sultani. Mtu ambaye wanawake walimtoa ndani ya shela hakumrejeshea Salme, aliyekuwa amekwisha kukimbilia Ulaya na kuolewa na Mjerumani, hata mirathi ya mali aliyoidai. Mwaka 1883 Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na kiwanja alichokichagua ndicho ilichosimama nyumba ya Malkia Fatuma.

Magomeni ilipokuwa mtaa mkubwa wa Waafrika chini ya Waingereza, swali la kiti liliingia katika njia nyingine. Mwaka 1955 TANU, iliyoundwa tarehe 7 Julai 1954, ilihitaji wanawake, ikamwendea Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba, ambaye kadi yake ya chama ilikuwa namba 16 na ya mumewe namba 15. Bibi Titi alipita katika makundi ya ngoma ya wanawake wa mjini, kila kundi lenye viongozi wake na vyeo vyake, akawaingiza katika chama kwa maelfu, kwa kuwa wanawake hao walikuwa wamezoea kutawaliana wenyewe kabla hawajasikia neno la uchaguzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwalimu Nyerere, kiongozi wa TANU, alihamia Magomeni, katika nyumba ambayo sasa ni makumbusho, naye alikuwa mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki. Wakati huo huo Mwami Theresa Ntare wa Heru, Kasulu, mwanamke, alikuwa juu ya kiti cha Waha na ndani ya Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1963 serikali ya mtoto wa chifu ilifuta mamlaka ya machifu wote, wa kiume na wa kike, na kwa hiyo bara haikuwa tena na kiti cha kugombaniwa.

Mwaka huo huo wa 1963, lakini, serikali ilitangaza kanuni za mila zilizowaweka wanawake daraja la mwisho katika urithi na kuwazuia wasiuze ardhi ya ukoo, na ilibidi Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aamue mwaka 1990, katika shauri lililotoka Bukoba, kwamba mwanamke aliyerithi shamba ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Viti vilifutwa, lakini wivu wa viti uliachwa uhamie mashambani.

Mabishano yalifufuka mwaka 2021. Tarehe 19 Machi, siku mbili baada ya Rais John Magufuli kufariki, Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais kwa mujibu wa Katiba, na tarehe 8 Septemba machifu walikusanyika Kisesa, wilayani Magu, wakamtawaza kuwa Mkuu wa Machifu kwa jina la Hangaya, maana yake nyota ing'aayo. Wabishi wa Magomeni wanasema kwamba hiyo ni heshima ya kupewa na si urithi, na katika hilo wanasema kweli. Lakini waliompa ni machifu wenyewe, wenye damu na nasaba za viti, ambao wangeweza kumvika mwanamume kama mila yao ingekuwa ngumu kama inavyodaiwa. Wapenda ishara huongeza kwamba Rais huyo amezaliwa Kizimkazi, makao ya Bakari, nduguye Fatuma. Mwezi Machi 2022 alikuja Magomeni kuzindua nyumba za Kota kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zimehamishwa, na wazee waliompokea hawakusikika siku hiyo wakisema kwamba mwanamke haongozi.

Hukumu ya tarehe hii, basi, ni kwamba mwanamke wa pwani hii alikwisha kurithi kiti, kwa wosia wa baba na kwa ridhaa ya watu, na kwamba kumzuia ni jambo lililokuja baadaye na lenye watu waliolileta. Kilichobaki ni kazi. Orodha za majumbe wa Mrima zilizopo humtaja mwanamke kama mke wa fulani au mama wa fulani, na mara nyingi hazimtaji kabisa. Wenye nyumba za kale za Magomeni, Saadani, Bagamoyo na Kaole ambao wamehifadhi nasaba za wazee wao kwa hati za Kiarabu wanaombwa wazipeleke zikanakiliwe katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, penye hazina ya miswada ya namna hiyo, na wasio na hati wakae na bibi zao walio hai, waandike jina la kila mwanamke wa ukoo pamoja na jina la mama yake na la mji wake.